Nyumba mpya na nyumba kongwe za Zanzibar: maswali mawili ambayo ni swali moja

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Ndani ya miaka kumi mkoa mmoja wa kisiwa kidogo umeongeza karibu watu laki tatu, na wote hao wanahitaji pa kulala. Na hapo hapo mjini, hatua chache kutoka soko la Darajani, katika mtaa wa kale uitwao Mji Mkongwe, zipo nyumba za mawe zenye ghorofa mbili na tatu ambazo vyumba vyake vya juu havina mtu. Madirisha yamezibwa kwa mabati, ngazi imeoza, na juu ya ukuta mche umeota na kutia mizizi ndani ya nyufa.

Mambo haya mawili huzungumzwa kana kwamba hayajuani. Penye mkutano wa makazi utasikia habari za viwanja, mikopo na majengo ya ghorofa kumi. Penye mkutano wa urithi utasikia habari za milango ya kuchonga, UNESCO na watalii. Wanaohudhuria mikutano hiyo ni watu tofauti, na fedha zinatoka mifuko tofauti. Mimi naamini hapo ndipo tunapokwama. Nyumba kongwe inaishi maadamu ndani yake yupo mkaazi anayeweza kuziba paa lake na ambaye ana sababu ya kuliziba. Mkaazi huyo naye atabaki hapo ikiwa tu mji mzima una nyumba za kutosha kwa bei anayoimudu. Ukiliacha moja, la pili linakuponyoka.

Ili tuelewe kwa nini, inafaa tuanze na jengo lenyewe.

Nyumba ya mawe inavyokufa

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita, pengine zaidi. Vyumba ni virefu na vyembamba, na wembamba huo una sababu: sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka vizuri haizidi mita tatu hivi. Upana wa chumba ukaamuliwa na mti. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha humwagwa kokoto na chokaa, ikapigwa kwa siku nyingi mpaka ikashikana ikawa kitu kimoja. Sakafu ya namna hiyo ni nzito sana, lakini pamoja na uzito wake inafanya kazi ambayo haionekani kwa macho: boriti zimeingia ndani ya kuta mbili zinazotazamana, na kuzizuia zisisukumane nje.

Adui wa nyumba hii ni maji, na safari yake huanzia juu. Mfereji wa bati unaopokea mvua kutoka paani unatoboka au unajaa majani. Masika yanapoingia, maji yanamwagika kwenye kichwa cha ukuta badala ya kushuka kwa bomba. Ukuta unayanywa taratibu. Ncha za boriti, zile zilizojificha ndani ya ukuta ambazo hakuna azionaye, zinakaa katika unyevu na kuanza kuoza, na mchwa wanaitikia. Mwaka wa kwanza hakuna dalili ila doa la rangi ya chai kwenye pembe ya dari. Mwaka wa tatu au wa nne boriti moja inashuka vidole viwili, na sakafu inaacha ufa kando ya ukuta. Ufa huo unapitisha maji zaidi. Boriti zikiachia, kuta zilizokuwa zimeshikwa nazo zinabaki zimesimama peke yake, ndefu na nzito, na zinaanza kufura kuelekea njiani. Hapo mwenye nyumba huweka miti ya kuegemeza, na miti hiyo hukaa miaka. Kisha siku moja ya mvua kubwa nyumba inaanguka.

Ukifuata mnyororo huo kutoka mwisho kurudi mwanzo, utakuta kilichoiangusha nyumba ya miaka mia moja na hamsini ni kipande cha bati ambacho fundi mmoja angekibadilisha kwa siku moja.

Kuna na adui wa pili anayekuja amevaa nguo za rafiki, naye ni saruji. Chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita ndani ya ukuta na kutokea nje ya plasta, ukakauka kwa upepo. Ukiipaka plasta ya saruji, umeufungia ule unyevu ndani. Chumvi iliyomo kwenye mawe ya matumbawe, na ile inayoletwa na hewa ya bahari, inajikusanya nyuma ya plasta, inaota, na kuisukuma mpaka inabanduka mapande mapande pamoja na uso wa ukuta. Mkaazi anaona ukuta unabomoka, anaongeza saruji. Kila ukarabati unaharakisha uharibifu, na anayefanya hivyo hana kosa: saruji inauzwa dukani pale kona, na chokaa nzuri, iliyochomwa kwenye tanuu kisha ikalazwa muda mrefu kabla ya kutumika, hajui aipate wapi.

Kisha yako maisha ya kisasa yenyewe. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja na watumishi wake leo ina familia tano au sita, kila moja ina haki ya kuwa na choo, bomba na tangi. Bomba linalovuja katikati ya ukuta wa matumbawe linafanya kazi ile ile ya mfereji uliotoboka, tena kiangazi na masika.

Hata fedha peke yake haziponyi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake, ikaua watu wawili. Lilikuwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Jumba la fahari lililo usoni mwa mji, lenye wafadhili na wahandisi, limefika hapo. Je, nyumba ya uchochoroni Kiponda au Malindi ambayo hakuna mgeni anayeipiga picha?

Nani mwenye nyumba?

Hili ndilo swali ambalo makala nyingi za urithi hulipita haraka, nami nadhani ndilo lenye uzito kuliko mengine.

Kabla ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa za matajiri wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, au zilikuwa za wakfu. Baada ya Mapinduzi wengi wa wamiliki hao waliondoka au walinyang'anywa, na Serikali ikazichukua nyumba zao. Ndani yake wakaingizwa watu kutoka Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na kutoka mashamba na Pemba, waliopangishwa chumba kimoja kimoja kwa kodi ndogo. Kwa upande wa haki ya makazi, lilikuwa jambo kubwa: watu waliokuwa wakizitazama nyumba hizo kwa nje sasa walilala ndani yake. Lakini kodi ilibaki chini mno kulinganisha na gharama ya kulitunza jengo la aina hii, na mpangaji wa chumba kimoja hana paa. Paa ni la wote, na la wote likivuja kila mmoja humtazama mwenzake.

Kuanzia miaka ya 1980, milango ya biashara ilipofunguliwa, Serikali iliuza baadhi ya nyumba zake. Zilizobaki zipo mikononi mwa taasisi zake, likiwemo Shirika la Nyumba la Zanzibar lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Kundi la pili ni nyumba za wakfu, zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mtu aliitoa nyumba yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ili pato lake liendeshe msikiti, lisaidie mafukara au liwafae kizazi chake. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Kwa jicho la mpangaji mji, hii ni neema, kwani ni hazina ya nyumba ambazo haziwezi kugeuka bidhaa, zilizopo katikati kabisa ya mji. Lakini nyumba isiyouzwa haiwekwi rehani pia, na benki haikopeshi bila dhamana. Pato lake ni kodi, na kodi ikiwa ndogo, hakuna cha kukarabatia. Wakfu uliokusudiwa udumu milele unamomonyoka kwa sababu ya shilingi chache.

Kundi la tatu ni nyumba za watu binafsi, na hapa fundo ni mirathi. Tuseme mzee amefariki akaacha mke mmoja, watoto wa kiume wanne na wa kike watatu. Mke ana thumni yake, watoto wanagawana iliyobaki, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Nyumba haigawiki kwa mpigo wa msumeno, basi inabaki ya pamoja. Mmoja yuko Muscat, wawili Dubai, mmoja Uingereza, waliobaki wapo Unguja na Dar es Salaam. Kizazi cha pili kikipita bila kugawa, warithi wamefika arobaini, na baadhi yao hawajawahi kuonana. Kuuza kunahitaji ridhaa yao wote. Kukarabati kunahitaji mmoja wao atoe fedha kwa faida ya thelathini na tisa. Aliyebaki ndani ni shangazi mmoja mtu mzima, anayekaa chumba cha chini kwa sababu ngazi haipandiki tena. Kesho anguko likitokea, yeye ndiye aliye ndani.

Sheria za uhifadhi zinamwambia mwenye nyumba nini asifanye. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inatoa vibali, inazuia kuongeza ghorofa kiholela, inasimamia dirisha liwe la namna gani. Kazi hiyo ni ya lazima na bila yake mji tungeshaupoteza. Ila amri ya kutobomoa haimpi mtu uwezo wa kutengeneza. Nyumba inaweza kuanguka huku kila aya ya sheria imefuatwa, kwa sababu hakuna aliyefanya chochote.

Ng'ambo na majumba ya Maendeleo

Upande wa pili wa iliyokuwa hori, ambayo ilifukiwa polepole na sasa ni barabara iitwayo Benjamin Mkapa, ipo Ng'ambo. Kwa muda mrefu wageni walioandika habari za Zanzibar waliitaja kwa mstari mmoja, kama mabanda yaliyozunguka mji. Ukweli ni kwamba wengi wa watu wa mjini waliishi huko. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya Kiswahili: miti, fito na udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele. Ilijengwa kidogo kidogo kadiri mfuko ulivyoruhusu, na chumba kimoja au viwili vilipangishwa, jambo lililoifanya kila nyumba kuwa chanzo cha makazi nafuu kwa mgeni wa mjini. Watu walimiliki nyumba lakini ardhi ilikuwa ya wengine, na mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi. Hiyo nayo ni historia ya mji, na haijaandikwa kwenye mlango wowote wa kuchonga.

Wapangaji wa mji walijaribu mara kadhaa kuipanga upya Ng'ambo, mwaka 1923 na tena mwaka 1958, wakati wa ukoloni. Aliyefanya kweli alikuwa Mzee Abeid Amani Karume. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Serikali ya Mapinduzi ilianza na majengo ya Kikwajuni na Kilimani, kisha ikaingia katikati ya Ng'ambo na kujenga Michenzani: safu za majumba marefu ajabu yanayokutana pale penye mzunguko, yakikata mji kama msalaba. Waliobomolewa nyumba zao walipewa fleti bure. Maji yalitoka bombani, umeme uliwaka, choo kilikuwa ndani. Watu wa mjini waliyaita nyumba za Maendeleo, na waliyaita hivyo kwa fahari.

Mpango huo ulisimama kabla haujafika ulikokusudiwa, na majumba yenyewe yaliteseka kwa kukosa matunzo kwa njia ile ile ya Mji Mkongwe: paa, mabomba na ngazi ni za wote, kwa hiyo si za mtu. Hata hivyo nisingependa yasimuliwe kama kosa la kujutia. Waliohamia wakiwa watoto sasa wana wajukuu humo. Wamezigeuza nafasi za chini kuwa maduka na mabaraza ya kahawa, na vijana wa mtaa wana timu zao. Michenzani imekuwa nyumba ya kihistoria ya makazi kwa haki yake. Raha Leo nayo, lile jengo ambalo redio yake ilitangaza Mapinduzi, inastahili heshima sawa na jumba lolote la pwani.

Fikra hii imeshaingia kwenye mipango rasmi. Mwaka 2011 UNESCO ilipitisha pendekezo la kuutazama mji wa kihistoria kama mandhari nzima yenye watu, kumbukumbu, njia na shughuli, badala ya kuhesabu majengo mazuri peke yake. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolijaribu mapema. Kupitia mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, Idara ya Mipango Miji ilishirikiana na wataalamu wa Kiholanzi na wakaazi wenyewe kuchora kilichopo: mabaraza, misikiti, viwanja, visima, maskani, hata vivuli vya miti ambako watu hukutana. Umuhimu wa ramani ya namna hii huonekana siku ya kujenga. Anayekuja na mchoro wa ghorofa nane anaweza kuulizwa: baraza hili utaliweka wapi, na wanaolikalia watakaa wapi?

Na wajenzi watakuja, kwa sababu Ng'ambo ndiyo iliyokusudiwa kuwa kitovu kipya cha mji. Ardhi yake imepanda thamani. Nyumba za chini za Kiswahili zinabomolewa moja moja, na mahali pake zinapanda ghorofa zenye fremu za maduka chini. Nani atakayesema mwenye nyumba asifaidike na kiwanja chake? Tatizo ni wapangaji wa vile vyumba viwili vya nyuma, ambao hawaonekani katika mkataba wowote. Ghorofa mpya yenye fleti kumi inaweza kuongeza idadi ya nyumba mjini na papo hapo kupunguza idadi ya nyumba ambazo mpishi wa mama ntilie au kuli wa bandarini anaweza kuzilipia.

Hoteli imeokoa nini?

Mji Mkongwe uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 96, likizungukwa na ukanda wa tahadhari wa karibu hekta 85. Katika hekta hizo yapo majengo takriban 1,700, na idadi kubwa ya yaliyokarabatiwa vizuri ni hoteli, nyumba za wageni na migahawa.

Tusiwe wagumu wa kukiri: bila utalii, mengi kati ya hayo yangekuwa magofu. Mwenye hoteli analipia paa kila mwaka kwa sababu mgeni hatalala chini ya doa. Mafundi wa milango wamepata kazi. Lakini mtaa wa hoteli unabadilika kimyakimya. Duka la mchele na sukari linakuwa duka la vinyago, mgahawa wa chapati na maharage unapandisha bei, maji yanavutwa kwa pampu kubwa, na madrasa inakosa watoto. Jengo limepona, mtaa umehama. Zaidi ya hapo, hoteli hutaka nafasi kuliko nyumba ya zamani inavyoweza kutoa, na hapo ndipo jengo jipya kubwa huambatanishwa na la kale. Hoteli iliyounganisha jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, na jengo jipya ufukweni ilizua malalamiko makubwa kutoka kwa Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa wake.

Fedha za utalii zina kazi nzuri ya kufanya, endapo sehemu yake itaelekezwa kwa wasio na hoteli. Kila kitanda cha mgeni ndani ya hekta zile 96 kinauzwa kwa bei nzuri kwa sababu kuna watu wengine wanaozifanya zile njia ziwe hai: anayeswali, anayecheza bao, anayeanika nguo dirishani. Watu hao hawalipwi chochote kwa kazi hiyo.

Upande mwingine, nje kabisa ya mji, Fumba inajengwa miji mipya ya wawekezaji, safi na yenye mpangilio, ikiuzwa sana kwa Wazanzibari walio ng'ambo ya bahari na kwa wageni. Inaongeza nyumba. Haimgusi mpangaji wa chumba Malindi.

Kujenga upya bila kubomoa

Basi jipya na la kale huunganishwaje? Nitaanza na nafasi ambayo haihitaji hata kuchimba msingi: ghorofa tupu. Chumba cha juu kilichofungwa kwa sababu ngazi imeoza ni nyumba ambayo tayari imejengwa. Ina kuta, ina ardhi, iko karibu na soko, hospitali na kituo cha daladala. Kukirudisha chumba hicho hakuhitaji barabara mpya wala bomba la maji la kilomita kumi na mbili. Gharama ya kutengeneza boriti na sakafu ni kubwa, najua, lakini mara nyingi tunailinganisha na bei ya matofali ya nyumba mpya ya shamba na kusahau kuhesabu barabara, umeme na nauli atakayolipa mtu yule maisha yake yote.

Yafuate magofu. Mji Mkongwe una viwanja ambapo nyumba ilishaanguka, vingine vimekuwa jaa, vingine maegesho ya magari. Hapo panafaa jengo jipya kabisa, na halihitaji kujifanya la kale. Mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994, ulioandaliwa na mamlaka kwa ushirikiano na Shirika la Aga Khan la Utamaduni, uliyapanga majengo kwa madaraja na kuweka masharti kwa mapya pia. Kwa maoni yangu masharti yenye maana ni machache: ukuta wa mbele ufuate mstari wa njia, kimo kisipite cha majirani, dirisha liwe refu kuliko upana wake, chini pawe na baraza, na maji ya paa yasimwagikie ukuta wa jirani. Ndani yake anaweza kujenga kwa zege na vyumba vipana apendavyo. Ninachokataa ni jengo la zege lililobandikwa upinde wa plasta na mlango wa kuchonga wa juzi, likadai umri ambao halina.

Hata hivyo viwanja hivi havitoshi, na Mji Mkongwe hauwezi kubeba laki tatu. Ghorofa zinapaswa kwenda mahali pengine, na hapa ipo njia ambayo Mumbai imeitumia tangu miaka ya 1990. Mwenye jengo la urithi haruhusiwi kuongeza ghorofa, kwa hiyo amenyimwa haki ambayo jirani yake wa mtaa mwingine anayo. Badala ya kumwacha na hasara, sheria humpa cheti cha haki hiyo ya kujenga juu, naye anaweza kumuuzia mjenzi wa eneo linaloruhusu ghorofa ndefu. Mjenzi anapata ghorofa za ziada kule, na mwenye jengo la kale anapata fedha. Huko Mumbai utaratibu huu una doa lake, maana vyeti vikiwa vingi mno, mitaa inayopokea hujazana kuliko mabomba yake. Kwetu ungehitaji sharti moja zito, kwamba fedha ya cheti ilipwe hatua kwa hatua kadiri paa, boriti na mifereji ya nyumba ile inavyotengenezwa, isije ikanunulia gari. Pia ungewafaa wakfu kuliko mtu yeyote. Nyumba ya wakfu haiuzwi, lakini haki ya kujenga ghorofa ambazo hazitajengwa kamwe ni kitu kingine, na masheikh na wanasheria wanaweza kukaa pamoja na kuutafutia mlango wa halali.

Kuhusu paa la wote, sheria ya umiliki wa pamoja wa majengo ya mwaka 2010 ilifungua njia ya mtu kumiliki fleti yake na kuwa mshirika katika sehemu za pamoja, kukiwa na chama cha wakaazi chenye mfuko. Ilifikiriwa zaidi kwa fleti mpya. Ingepelekwa Michenzani kwa bidii, na ingebadilishwa kidogo ili iingie katika nyumba ya mirathi, tungekuwa na mtu wa kumdai mchango wa mfereji kabla ya masika. Chama cha ngazi moja chenye familia sita kinaweza kufanya kazi ambayo wizara nzima haiwezi, kwa sababu wao ndio wanaoliona doa likiwa bado dogo.

Yapo na mambo ya vifaa. Boriti zinatoka katika misitu ya mikoko, na mikoko inalindwa, kwa haki, kwa kuwa ndiyo inayozuia bahari na kulea samaki. Chokaa ya jadi nayo huchomwa kwa kuni. Mji wenye majengo 1,700 ya matumbawe unahitaji shamba lake la miti na tanuu zake zinazosimamiwa, pamoja na mafundi vijana wanaojua kwa nini saruji haipakwi pale. Mafunzo yamekuwa yakitolewa katika miradi ya ukarabati, kama ule wa Zahanati ya Zamani barabara ya Mizingani katika miaka ya 1990, lakini mradi ukiisha fundi huenda kujenga fleti, kwani huko ndiko kwenye ujira wa kila wiki. Serikali ingeagiza matengenezo madogo kila mwaka kwa nyumba zake zote, fundi huyo angepata kazi ya kudumu na nyumba zingepata fundi.

Limebaki jambo moja ambalo hupangwa mwisho na lilipaswa kupangwa mwanzo. Nyumba ya mawe yenye boriti zilizooza haikarabatiwi watu wakiwa ndani. Familia tano au sita lazima zitoke kwa mwaka mmoja, pengine miwili. Ziende wapi? Kwa kawaida huenda kwa ndugu, Fuoni au Mwanakwerekwe, watoto wakabadilisha shule, mama akahamisha biashara yake ya vitumbua. Nyumba ikimalizika imekuwa nzuri mno, kodi imepanda, na aliyekuwa ndani hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kukaa humo. Kwa hiyo katika majengo yote mapya yanayopandishwa Ng'ambo, ningeanza na moja tu: fleti za mpito, umbali wa kutembea kutoka Mji Mkongwe, zisizouzwa wala kupangishwa moja kwa moja, zikipokea familia za nyumba moja inayotengenezwa, na zikitoka hizo zikapokea za nyumba ya pili. Watoto wasihame shule. Na mkataba wa kurudi uandikwe na kutiwa saini kabla kitanda cha kwanza hakijatolewa nje, ukitaja jina la mkaazi, chumba chake na kodi atakayolipa.